Herufi X, Ororo na Kuta za Barabara ya Morogoro

Leo nina herufi moja tu ya kuzungumza nawe, tena herufi ambayo haimo katika abjadi yetu. Mwalimu wa darasa la kwanza akiwaimbisha watoto kuanzia a mpaka z, X hawaikuti njiani. Hakuna neno la Kiswahili sanifu linaloihitaji. Lakini msimamishe mkazi yeyote wa Zegereni huku Kibaha, kijana au bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, mbele ya ukuta uliopigwa mistari miwili ya rangi nyekundu iliyokatana, na atakwambia papo hapo: nyumba hii inaondoka.

Watoto wanaokulia katika nyumba hizo wanaijua na X nyingine. Wameiona kwenye fulana za mitumba, kwenye mabango ya vibanda umiza, na siku hizi kwenye simu za wakubwa zao. Ni X ya X-Men, ulimwengu wa bunilizi za kisayansi uliobuniwa Marekani mwaka 1963 na mwandishi Stan Lee pamoja na mchoraji Jack Kirby, katika vitabu vya katuni vya Marvel. Nataka tuziweke hizi X mbili pamoja, kwa sababu naamini ile ya katuni inatufundisha jambo la kweli kuhusu ile ya ukutani.

Kwa asiyeujua ulimwengu huo, hali iko hivi. Baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu ndogo katika urithi wao, na hitilafu hiyo huwapa uwezo usio wa kawaida. Akifika balehe, mmoja anajikuta anasikia mawazo ya wenzake, mwingine anapenya ukuta, mwingine macho yake yanatoa miale inayobomoa miamba. Majirani wanawaogopa, serikali inawatilia shaka, na wapo wanaotaka waangamizwe kabisa. Msomi mmoja anayetembea kwa kiti cha magurudumu, Charles Xavier, anawapa hifadhi na shule. Yeye ndiye Professor X.

Lee alieleza kwamba jina alilolitaka kwanza lilikuwa The Mutants. Mchapishaji wake akalikataa akisema wasomaji hawatalielewa, ndipo ikachukuliwa X. Katika hadithi yenyewe X ikaelezwa kuwa ni ule uwezo wa ziada. Tangu hapo waandishi waliofuata wameishughulikia herufi hiyo kama fundi seremala anavyoushughulikia mti mzuri, kila mmoja akichonga chake na bado mti unabaki. Wakatokea X-Factor mwaka 1986 na X-Force mwaka 1991. Chembe ya urithi inayowatofautisha watu hao nayo ikapewa X. Nguo zao zina X, mlango wa shule una X, ndege yao ina X.

Ipo habari moja ndani ya ulimwengu huo inayonivutia kuliko nyingine. Logan, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Wolverine, alikamatwa na watu wa mradi wa siri, wakaifunika mifupa yake kwa chuma kisichovunjika ili wamfanye silaha. Mradi huo uliitwa Weapon X. Kwa miaka mingi wasomaji waliiona X hiyo kama alama ya siri, kitu kisichosemwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwandishi Grant Morrison akafunua kwamba haikuwa herufi hata kidogo; ilikuwa tarakimu ya Kirumi, yaani kumi. Mradi uliomshika Logan ulikuwa wa kumi katika mfululizo wa majaribio ya kutengeneza binadamu wa vita. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mtu anaishi miaka yote akidhani alama aliyopewa ni fumbo linalomhusu yeye peke yake, kumbe ni namba ya foleni. Kisha akaja msichana Laura, aliyetengenezwa maabara kutokana na chembe za urithi za Logan. Waliomtengeneza wakamwita X-23, kwa kuwa majaribio ishirini na mawili kabla yake yalishindikana. Jina la Laura alilipata kwa mwanamke aliyembeba tumboni. X-23 alilipata kwenye faili.

Mwaka 2019 Jonathan Hickman aliitumia tena X kama kumi, katika hadithi inayoruka kutoka mwaka wa 1 hadi wa 10, wa 100 na wa 1000. Herufi ileile ikageuka kuwa kipimo cha wakati. Kwa hiyo X moja imekuwa uwezo, siri, namba, ukoo na saa. Na kila ilipobadilika, mwandishi aliwajibika kumweleza msomaji imebadilikaje. Tutalirudia hilo.

Sasa tuje kwetu, maana X hiyo imefika mpaka Afrika Mashariki. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliunda kundi jipya la X-Men. Katika toleo hilo Professor X anafunga safari hadi Kenya, anamkuta msichana mwenye nywele nyeupe, Ororo, anayeamuru mawingu na mvua. Wenyeji wanamwabudu kama mungu. Professor anamwambia kwamba yeye ni binadamu mwenye kipaji, na kwamba dunia inamhitaji. Ororo anaiacha heshima ya mungu na kuichukua X. Baadaye mwandishi Chris Claremont alimpa nasaba: mama yake binti wa kifalme wa Kenya, baba yake mpiga picha za habari Mmarekani mweusi, wote wawili wakafariki Cairo, na yatima huyo akashuka kwa miguu kutoka Misri mpaka Serengeti. Serengeti ni yetu sisi Watanzania, lakini mipaka ya nchi hizi haikumshughulisha sana mwandishi.

Nampenda Ororo. Ni miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kupewa nafasi kubwa katika katuni za Marekani, na ameibeba nafasi hiyo kwa heshima kwa miaka hamsini. Lakini naumizwa na wale wanaompigia magoti katika kurasa zile za kwanza. Hawana kabila, hawana lugha, hawana hata jina la mzee wao mmoja. Wapo ili mvua inyeshe na safari ianze.

Huku kwetu Pwani, mtu wa Kisarawe anajua kuomba mvua ni shughuli ya namna gani. Wazaramo na Waluguru walikuwa na Kolelo, mzimu wa mvua na rutuba uliokaa katika milima ya Uluguru. Watu walifunga safari kutoka huku Pwani kupeleka haja zao, wakipitia kwa wahusika waliokabidhiwa kazi hiyo, kwa taratibu na masharti. Nayo haikuwa habari ya mvua peke yake. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, ujumbe ulioenea Uzaramo kwa jina la Kolelo uliwakataza watu kuendelea kuwalipa Wajerumani kodi. Mzimu wa mvua ukaingia katika siasa, na serikali ya kikoloni ikatetemeka. Mwandishi mwenye kipaji akiwa na kisa kama hicho mikononi, ana haja gani ya kijiji kisicho na jina?

Na waandishi tunao. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi, riwaya ambayo ndani yake Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani ndani ya chombo na kufika sayari yenye jamii inayoishi kwa haki. Mwaka 2002 Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu!, ambamo mhusika anayeitawala dunia ya utandawazi hujulikana kwa herufi mbili tu, P.P. Herufi hizo zimekaa mahali pake: mkubwa asiyeonekana, jina limefupishwa, amri zinafika. Ninachotamani ni kumwona kijana wa Kibaha, pengine mwanafunzi wa ile Kibaha Sekondari, shule iliyojengwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki na ambayo imewafundisha vijana wengi kutafuta x ya hesabu, akichukua x hiyo na kuiandikia hadithi ya huku.

Nirudi kwenye X-Men, kwa sababu wana herufi nyingine ambayo bila kuijua hatuielewi X. Mwaka 1981 Claremont na mchoraji John Byrne walichapisha hadithi ya siku zijazo, wakati ambapo mashine kubwa zimeitawala Marekani. Katika nchi hiyo kila mtu amevaa herufi. H ni binadamu wa kawaida. A ni mtu anayeshukiwa kwamba watoto wake wanaweza kuzaliwa tofauti. M ni mwenye kipaji, na huyo M hana haki. Kama yu hai bado, yumo kambini. Wale waliokuwa wakijivunia X kifuani wameishia kushonewa M na wengine.

Ndiyo maana nasema herufi hizo mbili zinasomeka pamoja. Hao ni watu wale wale, wenye urithi ule ule. X waliichukua wenyewe. M walipewa na anayewahesabu. Afrika Mashariki haikuhitaji katuni kulijua hilo. Wazee wa Kenya walitundikwa kipande shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndani ya kikopo cha chuma, kila Mwafrika mwanamume mtu mzima, na ndani yake alama za vidole na jina la mwajiri. Rwanda kitambulisho kilibeba kabila la mtu tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, neno hilo moja kwenye kadi liliamua nani atapita kwenye kizuizi cha barabarani na nani atabaki pale.

Na kuhusu X ya kuchagua, Dar es Salaam imewahi kuipokea. Oktoba 1964 alifika pale Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, akaonana na Mwalimu Nyerere. Alizaliwa akiitwa Malcolm Little. Little lilikuwa jina la ukoo lililotokana na wamiliki wa watumwa, na alipojiunga na Nation of Islam alilitupa akaweka X. X hiyo ilisimama mahali pa jina la Kiafrika la wazee wake, ambalo utumwa ulilifuta na hakuna aliyeweza kulirudisha. Alikuwa mtu mzima aliyeamua kutembea na shimo lililo wazi katika jina lake, ili kila anayemwita akumbuke kilichochukuliwa. Sijui njia ya heshima zaidi ya kuitumia herufi.

Sasa twende ukutani.

Wewe unayesafiri Barabara ya Morogoro umeziona X hizo. Sheria ya barabara ya tangu enzi za Mwingereza, ya mwaka 1932, iliacha hifadhi ya barabara. Kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaja, na hifadhi ya barabara kuu ikapanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndipo X ikapata rangi mbili. X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, aliyejenga ndani ya hifadhi. Huyo hana fidia. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, ambaye mpaka mpya umemkuta kwake, huyo analipwa. Mwaka 2017, katika kipande cha kutoka Kimara kuja Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, na nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi. Leo kutoka Kimara hadi Kibaha kuna kilometa 19.2 za njia nane. Mwaka huohuo wa 2017 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu mwezi Aprili. Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ikipita Soga na Ruvu. Na Zegereni yenyewe ikatengwa kuwa eneo la viwanda. Palipokuwa na mihogo na mikorosho pakasimamishwa mawe ya mipaka, kisha mabati marefu, kisha malori.

Siyapingi maendeleo hayo. Nimefurahi kama Mtanzania mwingine yeyote kuiona treni ile inakata mbuga bila moshi. Mtoto wa Soga anayeitazama ikipita kwa kasi ya kilometa 160 kwa saa anaona kwa macho kile ambacho baba yake alikiona kwenye filamu tu. Lakini wakati ujao hufika kwetu kwa namna yake. Katika katuni unakuja na ndege ya ajabu ikitua uwanjani. Huku unakuja na kijana mwenye kopo la rangi na brashi, saa nne asubuhi, mwenye nyumba akiwa shambani, na anaondoka bila kuacha hata karatasi.

Tazama kinachoipata nyumba baada ya hapo. Mpangaji anaanza kutafuta chumba kwingine, na kodi inakatika. Benki haiipokei tena kama dhamana. Fundi aliyekuwa apige lipu anaambiwa asubiri. Baba anaacha kupanda mkorosho, kwa kuwa mkorosho ni mti wa miaka. Binti anayefanya mtihani wa kidato cha nne anauliza watahamia wapi, na hakuna anayejua. Mwaka unapita, mvua ya masika inaififisha rangi, wa pili unapita, anakuja mwingine kuikoleza. Nyumba imesimama lakini maisha ndani yake yamesimamishwa. Hakuna tingatinga lililofika bado. Ni herufi tu.

Wanahisabati waliichagua x kwa kitu ambacho bado hakijajulikana lakini kitatafutwa. Descartes aliitumia hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1637. Röntgen alipogundua miale inayopenya mwili mwaka 1895 aliiita X kwa sababu hakujua ni kitu gani. Wote wawili waliiandika wakiwa na nia ya kuitafuta thamani yake. Mwenye nyumba wa Kibaha naye ana haki ya kupewa thamani ya x yake: mradi gani, mita ngapi, sheria ipi, fedha kiasi gani, siku gani. Waandishi wa katuni wametumia miaka sitini kuifafanulia dunia X ya watu wasiokuwepo. Haiwezi kuwa vigumu kumfafanulia mama mmoja X iliyo kwenye ukuta wake.

Tena sheria zetu zinaelekea huko. Katiba, Ibara ya 24, inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Fidia hiyo haiishii kwenye matofali. Imo thamani ya nyumba na mazao, minazi na miembe ikihesabiwa, halafu posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri wa vitu, na faida iliyopotea kwa aliyekuwa na biashara. Makaburi nayo yana sheria yake ya kuhamisha, ya mwaka 1969. Yote haya yameandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatamka siku ileile brashi inapogusa ukuta. Mimi napendekeza kanuni nyepesi: asipake X asiyeacha karatasi. Karatasi ya Kiswahili, yenye jina la mradi, tarehe, umbali uliopimwa na ofisi ya kuulizia, ikabidhiwe mkononi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Gharama yake ni ndogo kuliko kopo la rangi.

Kabla karatasi hiyo haijawa desturi, nina maneno kwa wewe ambaye ukuta wako umeshapakwa. Piga picha nyumba yako yote, ndani na nje, pamoja na choo, kisima, uzio na kila mti. Weka pamoja hati au barua ya mauziano, risiti za kodi na za umeme, na nakala moja iache kwa ndugu anayekaa mbali na hapo. Uliza kwa maandishi, usiulize kwa mdomo peke yake, kama X yako ni ya kulipwa au la, na upimaji wake ulianzia wapi. Mthamini akifika, uwepo mwenyewe. Atakupiga picha umeshika kibao chenye namba, nawe iandike namba hiyo kwako. Hesabu naye miti mmoja mmoja. Na fomu ya uthamini ambayo hujaisoma, au hujasomewa na mtu unayemwamini, usiitie sahihi wala dole gumba siku hiyo.